Grammy ya Kantri: Je, Wanawake Warudishiwe Kipengele Chao?

Februari 2025, Chris Stapleton alipowashinda Beyoncé, Kacey Musgraves, Jelly Roll na Shaboozey katika tuzo ya Grammy ya Marekani ya uimbaji bora wa muziki wa kantri wa msanii mmoja, mwaka wa sita mfululizo ulitimia bila mwanamke kuipata tuzo hiyo. Kilio cha zamani kikarudi: wanawake na wanaume watenganishwe tena.

Kilio hicho hakikosi msingi. Tangu 1965, Dottie West aliposhinda upande wa wanawake na Roger Miller upande wa wanaume, hadi 2011, kila mwaka mwanamke mmoja alikuwa na hakika ya kuondoka na tuzo. Ndipo waandaaji wakapunguza vipengele vya Grammy kutoka 109 hadi 78, na wanaume, wanawake na wapiga ala wa kantri wakatiwa katika chungu kimoja. Tena hili ni soko ambalo mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio aliwafananisha waimbaji wa kike na nyanya za kupambia saladi, akivitahadharisha vituo visicheze mno nyimbo zao. Anayenyimwa nafasi redioni ana haki ya kuulizia kiti alichokuwa amehakikishiwa kwingine.

Lakini hesabu ya miaka sita husimuliwa kana kwamba kipengele hiki kilizaliwa 2020. Kilianza 2012, na mshindi wa kwanza alikuwa Taylor Swift. Hadi 2019, Carrie Underwood alikuwa ameshinda mara mbili, Maren Morris mara moja na Musgraves mara moja, yaani ushindi 5 wa wanawake katika miaka 8, wakishindana na wanaume katika orodha moja. Kama kuunganisha ndiko kulikoleta ugonjwa, mbona mgonjwa alikuwa mzima miaka yote hiyo? Mwaka 2017 wanawake walikuwa 4 kati ya wawaniaji 5, na mwanamume pekee alikuwa Keith Urban. Katika mfumo wa zamani, wanne hao wangemenyana wenyewe kwa wenyewe, na Urban angekuwa kwingine akisubiri kikombe chake. Musgraves naye, aliyeshindwa na Stapleton 2025, alikuwa amemshinda Stapleton huyo huyo 2019, na hakuna awezaye kusema kwamba alipewa kwa kuwa ni zamu ya wanawake.

Hata katika miaka ya ukame wanawake hawakukosa kuteuliwa. Mwaka 2021 walikuwa watatu, akiwemo Mickey Guyton, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwania tuzo ya kantri ya Grammy akiwa msanii anayeimba peke yake, si katika kundi. Akashinda Vince Gill, mwenye miaka 63. Mwaka 2023 walikuwa watatu tena. Akashinda Willie Nelson, mwenye miaka 89. Nionavyo, wapiga kura hukimbilia jina walilolizoea, na tabia hiyo iliwaumiza pia vijana wa kiume: Zach Bryan alishindwa na Nelson, Luke Combs akashindwa na Stapleton. Nakiri kwamba hapo 2024 hoja yangu inachechemea kidogo, maana Dolly Parton, ambaye hata Nairobi hahitaji kutambulishwa, alikuwemo katika orodha hiyo na akatoka mikono mitupu.

Anayependa jukwaa lililogawanywa kwa jinsia bado analo katika tuzo za CMA, za chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ambako mwimbaji bora wa kike na wa kiume hutajwa kila mmoja peke yake. Kwa Grammy, somo lililo karibu zaidi ni la tuzo za muziki za BRIT za Uingereza. Waliunganisha jinsia 2022, na mwaka uliofuata wawaniaji wote 5 wa msanii bora wakawa wanaume. Hawakurudi nyuma, mwaka 2024 waliongeza viti vya wawaniaji vikawa 10, na Raye akaibuka mshindi. Kipengele cha kantri bado kina viti 5, ingawa mwaka 2025 waandaaji hao hao wa Grammy hawakuona taabu kuigawa tuzo ya albamu ya kantri kuwa mbili, ya asili na ya kisasa.