Faharasa Moja au Kihispania cha Kila Nchi? Istilahi za Elimu ya Awali Marekani

Shule ya msingi ya California ikitangaza kwamba "kínder" imeanza kuandikisha watoto, mzazi aliyetoka Mexico anaweza kumpeleka mtoto wa miaka 3, na kwa Kihispania chake hajakosea. Kwao kínder ni jina la kawaida la shule yote ya awali, ya miaka 3 hadi 5, ambayo rasmi huitwa "preescolar". Marekani 'kindergarten' ni darasa moja tu, la watoto wa miaka 5, na kwa kawaida limo ndani ya shule ya msingi.

California imeongeza fundo jingine. Tangu 2012 ina darasa la 'transitional kindergarten', la mwaka mmoja kabla ya kindergarten, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26 kila mtoto wa miaka 4 anastahili kulisoma. Kihispania huandikwa "kínder de transición". Mkolombia akiliona neno "transición" anaelewa papo hapo: ni mwaka wa mwisho kabla ya darasa la kwanza, na ndio mwaka wa awali ulio wa lazima kwao. Amekosea kwa mwaka mzima, na kosa si lake.

Hapo ndipo wafasiri wa hati za wazazi kwa Kihispania wanapogawanyika. Kundi la kwanza linataka faharasa moja, yaani orodha ya istilahi na tafsiri zake, itakayofuatwa na shule, kliniki na ofisi za jimbo. Hoja yao ni nzito: mzazi hupokea barua tatu kutoka ofisi tatu, na kila moja ikitumia neno lake, hajui kama zinazungumzia jambo moja au matatu. Tena faharasa hupunguza gharama, kwa kuwa programu za kufasiri huhifadhi istilahi na kuzirudia bila kumlipa mtu kuzitafuta upya. Kundi la pili linajibu kwamba wanaozungumza Kihispania nyumbani Marekani ni zaidi ya milioni 40, wenye asili ya nchi nyingi, na kwamba Kihispania kisichoelemea nchi yoyote huishia kuwa lugha ya ofisini isiyosemwa na mtu.

Mahali pa kulelea watoto mchana panaonyesha vizuri nguvu ya kila upande. Wameksiko wengi husema "guardería". Chile wachanga huenda "sala cuna" na wakubwa kidogo "jardín infantil". Argentina kuna "jardín maternal", Cuba "círculo infantil". Faharasa nyingi hukimbilia "cuidado infantil" (malezi ya watoto), na mimi naona zimefanya vyema: hakuna asiyelielewa. Walimu nao hawaipendi "guardería", kwa sababu inatokana na kitenzi cha kuweka na kuhifadhi, kana kwamba mtoto ni mzigo. Wana haki. Lakini mama anayetafuta nafasi kwenye simu ataandika guardería, na ukurasa usio na neno hilo hataupata. Basi kichwa kibebe neno rasmi, na guardería litajwe angalau mara moja chini yake.

'Toddler', mtoto wa takriban mwaka mmoja hadi mitatu, halina neno moja la Kihispania. "Niño pequeño" (mtoto mdogo) haina mpaka, na "párvulo" inapotosha, maana Chile "educación parvularia" huanza tangu kuzaliwa hadi kuingia shule ya msingi. Dawa ni kuandika umri. Ila mfasiri asinakili umri kutoka hati ya jimbo jingine: kila jimbo lina kanuni zake za leseni, na idadi ya watoto kwa mlezi mmoja hutegemea kundi la umri. Ukikosea miezi sita, umebadilisha kanuni. (Waswahili tusicheke. "Awali" Tanzania ni mwaka mmoja wa lazima, Kenya ni miwili ya PP1 na PP2, na Mkongo aliyehamia Marekani anakumbuka maternelle, shule ya awali ya kwao, ya miaka mitatu.)

Panapouma zaidi ni pale Kiingereza kinapotenganisha 'screening', 'assessment' na 'evaluation', huku Kihispania cha haraka kikiyameza yote katika "evaluación". La kwanza ni uchunguzi mfupi, mara nyingi dodoso, wa kuonyesha kama kuna haja ya kuangalia zaidi. Head Start, mpango wa serikali kuu wa elimu ya awali kwa watoto wa familia zenye kipato cha chini, ulioanza 1965, huutaka ndani ya siku 45 tangu mtoto aanze kuhudhuria. La pili mara nyingi ni ufuatiliaji wa mwalimu darasani. La tatu, chini ya IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, huamua kama mtoto ana haki ya kupata huduma maalumu: kwa aliyefikisha miaka 3, mzazi hutoa ridhaa ya maandishi, na kuanzia hapo shule ina siku 60, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Mzazi aliyejaza dodoso la "evaluación" mwezi Septemba anaweza kuamini tathmini ya kisheria imekwisha, asiiombe kamwe. Kwa uchunguzi ule mfupi napendelea "tamizaje", neno la kliniki, likifuatwa na sentensi moja ya kulieleza. "Prueba" liepukwe, linanukia mtihani wa kufaulu na kufeli.

Vivyo hivyo "estimulación temprana", ambayo kwa wazazi wengi wa Amerika ya Kusini ni madarasa ya muziki na mipira ya kulipia, haifai kusimama badala ya "intervención temprana", huduma ambayo sheria inawapa watoto walio chini ya miaka 3 wenye ulemavu au wanaochelewa kukua.

Kwa hiyo mimi niko na watu wa faharasa kwenye kila neno linalofungua haki au kuanzisha hesabu ya siku, na niko na wapinzani wao kwenye mazungumzo ya kila siku na wazazi. Lakini faharasa isipimwe kwa kurudisha maandishi kwenye Kiingereza, kama taasisi nyingi zinavyofanya. "Kínder" ikirudishwa inakuwa 'kindergarten' safi kabisa. Kipimo kimepita, mzazi bado amepotea. Afadhali kuwapa hati wazazi wachache kutoka nchi tofauti, kisha kumwuliza kila mmoja: mtoto wa umri gani anahusika, utafanya nini baada ya kusoma, na kabla ya tarehe gani? Majibu yakitofautiana, neno libadilishwe au liongezewe maelezo.

Fedha za kazi hii hazitazidi. Amri ya rais namba 13166 ya 2000, iliyozitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, ilifutwa kwa amri mpya Machi 2025. IDEA haikuguswa na amri hiyo mpya, na bado inataka notisi za maandishi zimfikie mzazi kwa lugha yake isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Ofisi yenye bajeti ya kufasiri kurasa kumi tu ianze na hizo notisi na fomu ya ridhaa. Vipeperushi vya kusoma vitabu nyumbani vinaweza kungoja.