Le Rove: jina la jibini limelindwa, na malisho je?

Ukitoka Marseille, jiji la bandari kusini mwa Ufaransa, kuelekea magharibi ukaupita mtaa wa L'Estaque, barabara inapanda vilima vya mawe meupe, vichaka vifupi na misonobari. Huko ndiko Le Rove, komuni (eneo dogo la utawala la Ufaransa) ya watu kama 5,000 tu, bahari ya Mediterania ikiwa chini yake. Jina lake limefika mbali kwa sababu ya mbuzi wake, wenye pembe ndefu zilizojisokota, na jibini laini iitwayo brousse.

Maziwa hupashwa moto hadi yakaribie kuchemka, yakipoa kidogo hutiwa siki, kisha hukorogwa mpaka yakatike vipande vyepesi kama pamba. Vipande hivyo humiminwa kwenye vikopo vyembamba vinavyotoshana na kidole. Huliwa ikiwa mbichi, kwa sukari au kwa mafuta ya zeituni. Zamani wachuuzi waliitembeza mitaani Marseille wakipuliza baragumu.

Tatizo lilianza pale jina lilipokuwa maarufu kuliko mbuzi mwenyewe. Madukani ikauzwa "brousse ya Rove" iliyotokana na maziwa ya ng'ombe. Wafugaji wakapigania jina lao, Ufaransa ikalilinda kisheria mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2020. Sasa lazima maziwa yawe ya mbuzi wa aina ya Rove, na mbuzi huyo alishwe vilimani.

Wanaoulalamikia ulinzi huu wana hoja. Mbuzi huyu hatoi maziwa mengi, na masharti ya malisho hayamruhusu mfugaji kumfungia zizini akamlisha vya kununua. Ulinzi ulipopatikana, wazalishaji hawakufika kumi. Jibini ni chache, bei iko juu, na miezi ya baridi haipatikani. Tena eneo lililokubaliwa linapita mbali na Le Rove, likigusa hata sehemu za mikoa ya Var na Gard, huku mwanakijiji anayefuga mbuzi wa aina nyingine akikatazwa kutumia jina la kwao.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisumbua zaidi. Hata hivyo nasimama na wafugaji. Le Rove ni mlango wa jiji kubwa, na kama masharti yangedai kila mbuzi alale ndani ya mipaka ya komuni, tungekuwa na jina safi lisilo na jibini. Kinachobeba ladha ni mbuzi na vichaka anavyokula, na vichaka hivyo havikomei kwenye mpaka wa komuni. Kuhusu bei, mtu anayeshinda mlimani na kundi lake hawezi kushindana na kiwanda cha maziwa ya ng'ombe, wala hapaswi kulazimishwa kushindana nacho kwa jina lake mwenyewe.

Lakini ulinzi wa jina haumpi mfugaji hata shamba moja, na hapo ndipo ninapowaona wanaoshangilia wakienda haraka mno. Jiji linasogea, ardhi yenye mandhari ya bahari ina wanunuzi wengi, na mchungaji hana fedha za kushindana nao. Historia nayo haikumtendea haki. Sheria ya misitu ya Ufaransa ya mwaka 1827 ilimpiga marufuku mbuzi msituni kama mharibifu. Leo, katika nchi hiyohiyo, mifugo hupelekwa makusudi kula vichaka vya kusini, kwa kuwa kichaka kisicholiwa hukauka na kuwa kuni za moto wa kiangazi, na pale mistral, upepo mkali wa huko, ukivuma moto haukamatiki.

Basi kazi hiyo ya kupunguza moto ilipwe kwa mikataba ya malisho ya miaka mingi, si ya msimu. Kijana anayetaka kuanza na mbuzi hamsini anahitaji kujua kwamba mwaka wa kumi bado atakuwa na njia ya kuwapitisha kwenda kilimani.