Kuasili watoto wengi kwa jina la imani: tumwangalie mtoto kabla ya idadi

Wapo Wakristo hapa Malindi, wenye watoto wao wa kuzaa, wanaotaka kuasili mmoja, kisha mwingine, mpaka nyumba ijae. Hoja yao ni ya imani. Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na Paulo anawaambia Waefeso kwamba sisi wenyewe tulichaguliwa tufanywe wana. Mordekai alimlea Esta. Yusufu alimlea Yesu. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali.

Nguvu yake utaiona ukiingia kituo cha watoto. Mtoto wa miaka mitatu anamkimbilia mgeni asiyemjua, anamkumbatia mguu na kumwita mama. Mgeni analengwalengwa na machozi akidhani amependwa, anapiga picha, anaacha pipi, anaondoka. Mtoto mwenye mlezi wake hujificha nyuma ya kanga akiona sura ngeni. Huyu wa kituoni hana kanga ya kujifichia, kwa sababu walezi wake hupokezana zamu na wengine huacha kazi kabla hajajua majina yao. Ndiyo maana serikali ya Kenya, mwaka 2022, ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia. Nyumba kubwa ina faida moja ambayo ndogo haina: inaweza kuwapokea ndugu watatu wa tumbo moja bila kuwatenganisha.

Lakini je, hao tunaowaita yatima ni yatima kweli? Wengi walioko vituoni wana mzazi aliye hai, au nyanya, au mjomba. Bibi wa kijijini Magarini humpeleka mjukuu wake kituoni kwa sababu kule kuna uji na karo, wala hakuwa na nia ya kumtoa moja kwa moja. Wenzetu Wamarekani walilipitia hili. Mwaka 2004 familia za huko ziliasili karibu watoto 23,000 kutoka nje, na makanisa mengi yakaendelea kuhimiza jambo hilo kama huduma. Kisha Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, kundi la Wabaptisti kutoka Marekani lilikamatwa likijaribu kuvuka mpaka na watoto 33 bila vibali, na ikabainika wengi wao walikuwa na wazazi. Sidhani walikusudia mabaya. Walikuwa na haraka ya kuokoa, na haraka hiyo haikuwapa nafasi ya kuuliza mama yuko wapi.

Kenya ilisimamisha uasili wa watoto kwenda nje Novemba 2014, lakini mwenyeji mwenye moyo mwema anaweza kutenda kosa lile lile bila kuvuka hata Mto Sabaki. Ikiwa kilichomtenga mtoto na nyanyake ni karo na unga, kanisa limsaidie nyanya kwanza. Hapo hakuna picha ya familia ya kuonyesha Jumapili, na nahofia hiyo ni sababu mojawapo inayofanya njia hii isisifiwe.

Kuna na suala la jina, ambalo katika mji wetu wa misikiti na makanisa halikwepeki. Majirani zetu Waislamu wana kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua: unamlea mtoto kwa hali na mali, lakini nasaba yake haibadilishwi. Uasili wetu unampa haki kamili ya mwana, urithi ukiwemo, na kwa hilo naona unamlinda zaidi. Hata hivyo, kumchukua Hadija na kumfanya Grace wiki ya kwanza ni kumnyang'anya kitu pekee alichokuja nacho. Tujifunze hapo.

Wengine hulalamika kwamba afisa wa watoto anapokuja kukagua nyumba anaidharau imani yao. Sisi wa Malindi hatuna haki ya kusema hivyo. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa jirani yetu, ya watoto wengi ikiwemo, ya watu waliojitenga na shule na hospitali kwa jina la Mungu. Nyumba yenye watoto wengi inahitaji macho ya nje zaidi kuliko nyingine yoyote.

Basi nasimama upande wa wanaoasili, ila napinga idadi kuwa ndiyo shabaha. Sheria inataka mtoto akae na waombaji miezi mitatu kabla ya ombi kufika mahakamani; mimi ningengoja zaidi kabla ya kumleta anayefuata. Mtoto anayeficha kipande cha mkate chini ya godoro bado haamini kwamba kesho atakula, na kumletea mgeni mwingine mezani ni kumthibitishia hofu yake.

Pia wazee wa ukoo waitwe mapema. Kwenye boma la Kigiriama swali litakuja tu: huyu atapewa minazi ya nani? Sheria imeshajibu kwamba ni mwana kama wengine, lakini mahakama haikai bomani. Baba aitishe kikao akiwa hai, aonyeshe minazi yenyewe mbele ya wadogo zake, na aandike wosia.