Si kila mwezi mchanga uliochongwa ni kalenda

Juma lililopita shemeji yangu alinitumia video ambayo msimulizi wake, kwa sauti ya mtu aliyekuwapo vibao vikichongwa, anatangaza kwamba maandishi yote ya rongorongo, zile alama zilizochongwa kwenye vibao vya mti huko Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) na ambazo hadi leo hakuna awezaye kuzisoma, ni kalenda ya kale. Ushahidi wake ni hesabu tu. Anahesabu alama za mstari mmoja, anaziruka asizozipenda, mbili zilizoshikana anazifanya moja pale inapomfaa, na anapofika 28, 29 au 30 anatabasamu kama aliyeokota lulu.

Kwa hasira nilitoka uani nikahesabu maua ya pindo la kanga ya mama iliyokuwa imeanikwa kambani. Yalikuwa 29 upande mmoja. Sasa niitishe mkutano wa waandishi wa habari?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kalenda ya kweli ipo, na ubora wake unapotea katika kelele hizi. Ipo kwenye kibao kiitwacho Mamari, kinachohifadhiwa Rome, chenye mistari 14 kila upande. Mtafiti Mjerumani Thomas Barthel aliitambua katika kazi aliyoichapisha mwaka 1958, na mwaka 1990 mwanaisimu Jacques Guy akaichambua upya kwa makini. Haikutambuliwa kwa sababu mtu alihesabu akafika 30. Katika sehemu ile, alama ya mwezi mchanga inajirudia kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna mfuatano uleule wa alama unaoishia kwa samaki aliyening'inia kwenye uzi. Katika mafungu yanayotangulia mwezi mpevu, samaki huyo ameelekeza kichwa juu. Katika yale yanayofuata, kichwa kiko chini. Katikati, mahali pa mwezi mpevu penyewe, imechongwa alama ya peke yake ambayo Barthel aliihusisha na bibi kizee anayepika ndani ya mwezi.

Hata hayo yote yangeweza kubaki uzushi mtamu kama pasingekuwa na shahidi wa nje. Mwaka 1886 Mmarekani William Thomson aliandika majina ya usiku wa mwezi kama alivyoyapokea kwa wenyeji wa kisiwa. Ndani ya orodha hiyo kuna usiku uitwao kokore, unaohesabiwa kwa tarakimu za Kirapanui zenyewe: kokore tahi, rua, toru (yaani moja, mbili, tatu), hadi wa sita kabla ya mwezi kupevuka, kisha unaanza upya na kuishia wa tano baada ya kupevuka. Kwenye Mamari, miezi michanga inajipanga sita upande mmoja na mitano upande wa pili. Halafu kuna hotu na hiro, majina mawili ambayo Guy aliyaeleza kuwa ni ya usiku wa nyongeza, kwa maana mwezi hauna adabu ya kutimiza idadi ileile kila mara, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimama ufukweni jioni ya tarehe 29 Shaabani akiusubiri uandame hahitaji kuelezwa. Huo ndio ushahidi: mpangilio wa kwenye mti umekutana na orodha iliyotoka vinywani mwa watu, na hakuna aliyelazimika kuruka alama ili vikutane.

Msimulizi wetu hana orodha yoyote. Tena anasoma mistari yote kutoka kushoto kwenda kulia kama gazeti, wakati kwenye vibao hivi alama za mstari mmoja zimesimama wima na za mstari unaofuata ziko miguu juu, hata msomaji humlazimu kukigeuza kibao kila amalizapo mstari.

Nakubali, shingo upande, kwamba huenda kalenda nyingine imelala katika vibao visivyosomeka. Watu waliotaja kila usiku wa mwezi kwa jina lake hawakukosa sababu ya kuziandika siku mara mbili. Nakubali pia kwamba Mamari haijatufungulia maandishi mengine: tunajua sehemu ile inahusu nini, lakini hatuwezi kuitamka. Ila ile fimbo ya rongorongo iliyoko Santiago, Chile, yenye alama zaidi ya 2,000, haigeuki kalenda kwa sababu tu ina alama nyingi za kuhesabu. Wala upimaji uliotangazwa mwaka 2024, kwamba mti wa kibao kimoja cha Rome ulikatwa karne ya 15 au mwanzoni mwa ile ya 16, hautuambii ni lini kisu kiliugusa mti huo.

Na hapa utani unanishinda. Mwaka 1862 wafanyabiashara ya utumwa kutoka Peru walianza kukivamia kisiwa, wakachukua watu wapatao 1,500. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia mwaka 1877 walihesabiwa watu 111 kisiwa kizima. Waliojua kusoma waliondoka katika msiba huo, na Askofu Jaussen wa Tahiti alipomweka Metoro, mwenyeji wa Rapa Nui, mbele ya vibao ili amsomee, kijana wa watu aliimba, na kwa sehemu kubwa alichoimba ni kutaja picha alizoziona: ndege, mtu, samaki. Tangu hapo kila mgeni amekuja na wimbo wake.

Shemeji amenijibu kwamba nina wivu. Nimemtumia picha ya Mamari, sehemu ile ya miezi michanga, nikamwomba anionyeshe samaki wa kwanza aliyeinamisha kichwa.