Tuzuie homa kwanza

Ndugu mwandishi, nakushukuru kwa makala kuhusu kuupoza mwili wa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama ghafla kisha ukarejea kupiga, ila pendekezo lako kwamba kila hospitali kubwa ya Dar es Salaam inunue mashine za kupozea linaegemea tafiti za mwaka 2002, ambazo wagonjwa walishushwa joto hadi kati ya nyuzi 32 na 34 za Selsiasi. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2021 ukiwa na wagonjwa wapatao 1,850, haukuona tofauti ya vifo kati ya waliopozwa hadi nyuzi 33 na wale waliozuiwa tu wasipate homa. Kwa wodi zetu, hasa katika joto la Februari, kupima joto mara kwa mara na kuidhibiti homa mapema ni jambo linalowezekana leo.

Kinachoniuma zaidi ni dakika za mwanzo. Moyo wa mtu ukisimama akaanguka kituo cha mabasi cha Kimara, watu humzunguka wakimpepea na kummwagia maji, ilhali anahitaji mikono miwili katikati ya kifua, ikikandamiza kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma. Fedha za kununulia mashine hizo zianze kuwafundisha makondakta na walimu ukandamizaji huu.