Mkwe Wangu, Ndorobo na Kichuguu

Babu zetu Wanyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu, pembe ya ndovu begani, na usiku wakajilaza popote giza lilipowakuta. Mimi mjukuu wao, ninayenunua asali kwa warina wa Sikonge, nilishindwa kulala chini siku nne. Mgongo uligoma. Kwa hiyo kila Juni nikawa najikunja kwenye kiti cha Fuso yangu, usukani umenikaba mbavu, narudi nyumbani Isevya nimepinda kama ndoano.

Wazo la kujenga nyumba juu ya gari sikulibuni mimi. Lilikuja likaegesha mbele yangu, kituo cha mafuta hapa hapa Tabora. Lilikuwa lori la Wajerumani wawili, mume na mke, wazee wenye mvi zao. Juu ya chasisi wameweka nyumba kamili: kitanda, jiko, sinki, choo, na paneli za sola kwenye paa. Wajerumani hawa bwana! Mwaka 1912 reli yao ilifika Tabora, na stesheni waliyotujengea bado imesimama. Safari hii wamekuja na nyumba kabisa.

Nikaomba kuchungulia uvunguni, na huko nikaona jambo la kusikitisha. Bolti zilizoshika ile nyumba hazikukazwa! Zimewekewa springi, na kati ya nyumba na chasisi kuna upenyo wa kupitisha kidole. Mzee akanieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza, huku akisokota mikono kama mtu anayekamua shuka: "Gari cheza. Nyumba hapana cheza." Nikaitikia kwa adabu zote. Moyoni nikasema, masikini, wametoka kote huko hawana hata spana.

Fundi wangu ni bingwa wa mageti. Katika maisha yake hajawahi kutamka neno "sijui". Tulisimamisha fremu ya skwea paipu, nje tukapiga bati, ndani plaiwudi, katikati tukashindilia magodoro chakavu ya kuzuia joto. Kitanda cha nne kwa sita, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200. Mlango wa chuma ubavuni, wenye kitasa cha nyumba. Dirishani, kwa mazoea ya kazi yake, fundi akaweka nondo. Nikamuuliza nani ataiba asali kwa kupitia dirisha la gari linalokimbia. Akasema dirisha bila nondo ni kama mtu bila nyusi. Rangi tulipaka bluu kwa sababu kulikuwa na ndoo mbili zimebaki kwa shemeji, na rangi ya bure haichaguliwi.

Ikaja zamu ya kuifunga nyumba kwenye chasisi. Fundi, na hapa lazima niseme haki yake, aliuliza: "Tulalie mbao chini, tukamate na yubolti kama bodi ya mzigo?"

Nikakumbuka zile bolti za Wajerumani, nikacheka. "Hii ni nyumba, fundi, siyo bodi ya tumbaku. Choma."

Akachoma. Alichoma kuanzia mbele hadi nyuma, kulia na kushoto, mpaka umeme wa mtaa ukawa unapepesa. Alipomaliza alipiga teke akasema hata gari likipinduka, vitapinduka pamoja. Nilimwongezea pesa ya soda.

Mtaa mzima ukaja kuangalia. Mtani wangu Mzaramo, ambaye hakosekani penye aibu, akaizunguka mara mbili akasema, "Wanyamwezi mmechoka kubeba mizigo, sasa mnabeba nyumba." Nikamwambia hata yeye atapata lifti siku akijua kuoga.

Sasa, mkwe wangu. Alikuwa na dada yake mgonjwa kijijini mbele ya Ipole, na magoti yake hayapandi kibandani kwa dereva. Mke wangu akasema, "Si una kitanda humo? Mpeleke mama amelala." Nilitandika shuka mpya. Nikamwekea chai kwenye chupa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ndani ya bakuli. Mama akapanda kwa ngazi, akajilaza, nikafunga mlango. Ulijifunga vizuri, "kap!", kama jokofu.

Mjue kwamba mkwe wangu ni mtu wa adabu za zamani. Tangu nioe, hajawahi kuniita kwa sauti wala kuniambia neno bila kupitia kwa mtu. Mimi naye ndivyo hivyo hivyo.

Kilomita 70 hivi hadi Sikonge zilikuwa lami tupu, nikiendesha huku nikiimba. Baada ya Ipole tukaacha lami, tukaingia njia ya msituni, miyombo huku na huku. Utingo akaniambia, "Bosi, kuna korongo." Nikamwambia gari hili sasa ni nyumba, na nyumba haiogopi korongo. Gurudumu la mbele la kulia likazama. Kabla sijatia gia, la nyuma la kushoto nalo likaingia shimo lake.

Ndipo nilipoelewa kile ambacho mzee wa Kijerumani alikuwa akikamua.

Chasisi ya lori ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukatiza, kama ngazi. Imeundwa isokoteke, ili gurudumu moja likizama na jingine likipanda, yote yaendelee kushika ardhi. Bodi ya mzigo hukaa juu ya mbao na yubolti ili ipishane kidogo na huo msokoto. Mimi nilikuwa nimeichomelea nyumba juu ya kitu kinachosokoteka, kisha nikakisokota. Welda zikaanza kuachia moja moja, pa! pa! pa!, kama bisi kwenye sufuria. Kioo cha dirisha kikamwagika chini. Nyumba ikatoa sauti ndefu ya mbuzi. Kisha kimya.

Nikashuka mbio. Mlango uliokuwa na pembe mraba sasa ulikuwa umelala upande kama kofia ya mlevi. Nikavuta kitasa, kikabaki mkononi.

Simu ikalia. Mke wangu, kutoka Isevya.

"Baba Kulwa, mama anauliza kama mmefika."

"Bado. Mwambie tumesimama kidogo tunapunga upepo."

Kutoka ndani, mita moja na nusu kutoka nilipo, nikasikia simu ya mama ikiita, na mama akiitika kwa upole. Yangu ikalia tena.

"Anasema upepo huo anausikia, ila umekuja na ndorobo."

Kweli. Kupitia dirisha lisilo na kioo ndorobo, yaani mbung'o, walikuwa wanaingia kama wageni wa harusi waliosikia harufu ya pilau. Ndani makofi yakaanza kulia, pa, pa, mama anajipiga mwenyewe. Kutoka hawezi, mlango umekaba. Dirishani kuna nondo. Utingo akataka kuupiga mlango teke, nikamkataza: nitamweleza nani kwamba nilivunja mlango aliolala mkwe nyuma yake?

Tukachimba, tukaweka magogo, tukajitoa korongoni baada ya saa nzima. Nikaegesha pahali tambarare nikitegemea mlango utajirudi. Wapi! Fremu ilikwisha kukubali umbo lake jipya. Simu ikalia.

"Mama anasema amehesabu thelathini na mbili, ameacha. Anauliza pia kwa nini mnachagua kusimama penye ndorobo."

Akatokea mrina mmoja na baiskeli yake, ndoo ya asali nyuma. Akaitazama nyumba muda mrefu bila kusalimia. Mwishowe akauliza, "Nani aliwachagulia rangi hii?"

"Ilikuwa ya bure."

"Mitego ya mbung'o unaijua? Vile vitambaa vinavyoning'inizwa porini?"

Vya bluu na vyeusi. Navijua tangu utoto, nimevipita mara mia. Wadudu hawa hupenda bluu, hupenda na kitu kikubwa kinachotembea, nami nilikuwa nimewajengea vyote viwili, nikawawekea na mama mzazi wa mke wangu katikati.

Lakini yule mrina hakuja kutucheka tu. Alichuchumaa, akaangalia uvunguni, akasema, "Lilipinda kwa kuzama gurudumu hili. Lipandisheni hili hili." Akanyoosha kidole kwenye kichuguu cha kimo cha goti. Nikapandisha gurudumu la mbele la kulia polepole, nyumba ikalia tena ile sauti ya mbuzi, mlango ukajinyoosha, ukafunguka wenyewe. Mama akatokea na kanga kichwani, bakuli la matobolwa mkononi, uso umevimba upande mmoja. Akamsalimia mrina. Akamsalimia utingo. Akakaa kwenye ngazi akampigia mwanawe.

Tulifika kwa dada yake saa mbili usiku, tukatumia nusu saa kuzunguka kijiji na tochi kutafuta kichuguu cha kumshushia.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wiki tatu nilikuwa na lundo la mawe na udongo uani, na majirani wakajua kwamba Baba Kulwa akitaka kuingia kwenye gari lake lazima kwanza alipandishe mlimani. Mtani Mzaramo alileta jiwe lake mwenyewe kama mchango. Hatimaye fundi akakata welda zote, akanyoosha fremu, akalaza mbao na kufunga bolti zenye springi alizotoa kwenye pikipiki chakavu. Nikapitisha kidole kwenye upenyo, kikapita. Rangi ni ya maziwa sasa, na nililipia.

Juzi mama amekuja, anataka kurudi tena kwa dada yake. Nilimfungulia mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka palepale penye tambarare. Aliutazama, akainama akazitazama springi, akatoa simu. Mke wangu alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka tulipo.

"Hebu muulize mumeo," mama akasema, "kichuguu cha huko tunakokwenda ameshakiona?"