Mbwa Aliyenyamaza Huenda Hajatii

Wapo wafugaji wengi wanaoamini kwamba mbwa asiyenguruma, na anayejikunyata kila mwenye nyumba anapopita, ni mbwa aliyefundishwa akafundishika. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, na imani hiyo ilinifanya nimkosee mnyama aliyenitegemea kwa kila kitu.

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa akinguruma mtu yeyote alipokaribia bakuli lake. Niliambiwa nimwoneshe nani mkubwa, basi kila aliponguruma nilimkaripia na kumchapa, na baada ya majuma machache mngurumo ukakoma. Kumbe nilichokiondoa ni onyo tu, na hofu iliyolizaa onyo hilo ilibaki palepale. Siku moja niliinama kuokota kijiko kilichoanguka karibu na bakuli, naye akaniuma mkono bila kutoa sauti. Nilipolikumbuka tukio lile baadaye, niliona kwamba mwili wake ulikuwa umekwisha kusema yote: alikuwa ameacha kutafuna, shingo imekakamaa juu ya chakula, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Mimi ndiye niliyekuwa sijajifunza kuusoma.

Fikra hii ya kumtawala mbwa kama kiongozi wa kundi ilipata nguvu kutokana na uchunguzi ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliuchapisha mwaka 1947, kuhusu jinsi mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, walivyogombea ukubwa. Lakini L. David Mech, aliyewachunguza mbwamwitu porini kwa miaka mingi, alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida huko ni familia, yaani wazazi na watoto wao, wala si uwanja wa kugombea ukubwa. Na hata kama ingekuwa vinginevyo, mbwa anajua vyema kwamba mimi si mbwa.

Kinachomfundisha mbwa ni matokeo ya tendo lake, tena yanayofuata papo hapo. Mwite mbwa aliyetoroka, na baada ya dakika tano za ukaidi aje, kisha umgombeze: wewe unadhani umemwadhibu kwa kuchelewa, ilhali yeye amejifunza kwamba kukujia wewe kuna machungu. Kesho ukiita atasita, nawe utasema ana kiburi. Mara ngapi tumewaita wanyama hawa wakaidi kwa somo tulilowapa sisi wenyewe!

Husemwa kwamba kumpa mbwa kipande cha nyama ni kumhonga. Sikubali, kwa kuwa hongo hutangulizwa ili tendo lifanyike, na ujira hufuata kazi iliyokwisha kufanywa. Wala sisemi mbwa aachwe afanye apendavyo; kamba na mlango uliofungwa vina kazi yake, kwani kosa lisilopata nafasi ya kurudiwa halijengi mazoea. Kipigo nacho huweza kulikomesha tendo, sikatai, ila hatuwezi kumchagulia mbwa atayahusisha maumivu hayo na nini. Akivutwa shingo kwa nguvu huku akimtazama mtoto anayepita, huenda akaanza kumwogopa mtoto.

Kwa mbwa niliye naye sasa nilianza upya. Nilipita mbali na bakuli lake, nikamtupia kipande cha nyama kizuri kuliko alichokuwa akila, nikaenda zangu. Nilisogea hatua moja tu kila alipobaki ametulia, na kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Sasa nikikaribia huinua kichwa, akarudi nyuma kidogo na kuningoja, mkia ukicheza.

Juzi alinguruma, mgeni alipomwinamia ghafla akiwa anakula. Nilimwomba mgeni asogee nyuma, na mbwa sikumkemea.